Ufuta na Pandani katika Tanuri la Paris

Paris ya kusini haifanani na ile ya kwenye kadi za posta. Ukitoka kituo cha treni ya chini cha Tolbiac ukaelekea Porte de Choisy, kinachokupokea ni kundi la majengo marefu ya saruji yaitwayo Les Olympiades. Yalijengwa kwa matumaini kwamba Waparisi wenye kazi nzuri wangehamia humo, lakini wengi hawakuvutiwa. Waliokuja kuyajaza ni wakimbizi wa Kambodia, Vietnam na Laos waliokimbia makwao baada ya mwaka 1975, wengi wao wenye asili ya Uchina. Sasa barabara za Ivry na Choisy ni zao. Katika duka kubwa la Tang Frères nilikuta doriani zimepangwa chini na shokishoki zimefungwa kwenye visanduku, nikasimama kuzitazama kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini. Mzanzibari haelezwi doriani ni nini, wala haonywi kuhusu harufu yake.

Chini ya majengo hayo, pembeni ya barabara inayoingia kwenye maegesho ya magari, kuna hekalu la Kibudha. Unafuata njia ya magari na pua inakutana na ubani. Nilipita hapo mara nyingi, maana binamu yangu aliyenikaribisha anakaa karibu, na kazi aliyonipa tangu asubuhi ya kwanza ilikuwa kwenda kununua mkate.

Bekari yenyewe iko kwenye mtaa mdogo unaochepuka kutoka barabara ya Choisy, kati ya kinyozi na fundi wa simu. Kwa nje ni bekari ya Kifaransa kama nyingine zote: bageti zimesimamishwa kapuni, kroasanti zimelala kwenye trei, wazee wamepanga foleni na vikapu vyao vya magurudumu. Ila ukisogea kwenye kioo unaona kuna jambo. Pembeni ya kroasanti za kawaida zipo nyingine zilizonyunyiziwa ufuta mweusi. Kuna brioshi ya rangi ya majani mabichi, ekleri zenye krimu ya kijivu, tati za yuzu, ambayo ni aina ya ndimu ya Asia ya Mashariki yenye harufu kali kuliko ukali wa maji yake, na andazi lililojazwa magimbi yaliyopondwa kwa sukari. Magimbi! Haya haya tunayoyachemsha kwa nazi kwa ajili ya futari, yamekaa kwenye kioo cha Paris yakisubiri mtu wa kuyanywea kahawa.

Binamu alikuwa amenionya kuhusu jambo moja: usiombe kitu kabla ya kuamkia. Ukiingia katika bekari ya Kifaransa ukanyoosha kidole bila kusema bonjour, utahudumiwa, lakini kwa uso uliofungwa. Nilifurahi kusikia hivyo. Nimepita miji mikubwa ambako salamu imekuwa kupoteza muda wa watu, na hapa, katika mji wenye sifa ya haraka na ubaridi, watu wote waliopanga foleni wanaamkiana na muuzaji mmoja mmoja na hakuna anayelalamika kucheleweshwa.

Mwenye bekari ni mama wa makamo, mfupi, mwenye mikono iliyokomaa. Kwa kuwa nilikuwa nikimwuliza maswali kila nilipokwenda, akaniruhusu siku moja niingie nyuma wakati wa kuoka, saa ambazo kwetu mwadhini bado hajaadhini. Baba yake alitoka Phnom Penh. Alipofika Ufaransa alipata kazi ya kufagia katika bekari usiku, kisha akaruhusiwa kupima unga, kisha kukanda, mpaka akawa mwokaji kamili wa mikate ya Kifaransa. Maisha yake yote hakuwahi kutia kiungo hata kimoja cha kwao ndani ya kinyunya. Alikuwa akimwambia binti yake kwamba mgeni anapooka mkate wa wenyeji hatakiwi kuwapa sababu ya kuutilia shaka.

Binti alisubiri mpaka baba amestaafu. Akaanza na ufuta.

Kroasanti, kwa wasioijua kazi yake, ni kazi ya siagi na subira. Unakandwa unga wa ngano kwa maziwa, sukari, chumvi na hamira, kinyunya kinalazwa kwenye baridi usiku kucha. Siagi nayo inatandazwa mpaka iwe ubao mwembamba, inafungiwa ndani ya kinyunya, vinasukumwa pamoja, vinakunjwa mara tatu, vinapumzishwa. Ukirudia mkunjo huo mpaka utimie wa tatu, siagi imekuwa tabaka 27 ndani ya donge moja. Siagi ikiwa ngumu inapasua kinyunya; ikiwa laini inamezwa na unga, na unachopata ni mkate wa siagi tu. Anayejua kupika chapati za pwani, zile zinazopakwa samli, zikaviringishwa na kusukumwa upya, angeelewa yote hayo bila mkalimani. Mimi nilikuwa nikimwona bibi yangu jikoni.

Ufuta, kumbe, una mafuta yake, na mafuta yanagombana na tabaka. Ukiuchanganya na siagi, kinyunya kinateleza na kufunguka motoni. Ikabidi mama yule ausage ufuta mweusi pamoja na sukari na lozi mpaka uwe rojo zito, akautia katikati wakati wa kuviringisha, baada ya kazi ya siagi kwisha. Kuukaanga nako kuna mtihani wake. Ufuta mweupe unaonyesha rangi unapoiva, lakini mweusi hauonyeshi kitu. Anasikiliza. Punje zikianza kuruka na kutatarika anasogeza pua, na harufu ikibadilika kidogo tu kuelekea uchungu, anauepua.

Nilipouliza kuhusu brioshi ya kijani, alifungua friji akanitolea fungu la majani marefu, membamba, yaliyokunjamana katikati. Ni pandani. Majani hukatwakatwa, husagwa kwa maji, huchujwa, na maji yake hulazwa mpaka ukijani wote utuame chini. Yale maji ya juu humwagwa, na kile kizito kilichobaki ndicho kinachochanganywa na tui la nazi, mayai na sukari kutengeneza krimu ya ndani. Nilinusa jani lile nikajua nimewahi kukutana na ukoo wake. Pandani ni ndugu wa mkadi wetu, ule ambao maua yake wanawake wa pwani huyafunga pamoja na asumini na rehani kwenye kikuba. Sisi tumeutumia ukoo huo kwa kujipamba na wao wameutia jikoni.

Mteja niliyempenda kuliko wote pale ni mama wa Kingazija. Wangazija ni wengi Ufaransa, Marseille hasa, na Paris pia wapo. Huyu alipata kuishi Unguja utotoni, na aliponisikia nikizungumza na binamu yangu akageuka mara moja.

"Assalaam alaykum. Nyie watu wa wapi?"

"Wa alaykum salaam, mama. Unguja."

"Unguja ipi? Unguja kubwa. Mtaa gani?"

Tukamtajia Kikwajuni, naye akaanza kutaja nyumba na watu, wengine wamekwisha kufariki kabla sijazaliwa. Alikuwa ameshika mfuko wenye brioshi za pandani. Nikamwuliza kwa nini hizo.

"Mwanangu, zina nazi," alinijibu. "Niambie mkate gani mwingine wa hapa una nazi."

Yeye ndiye aliyenifundisha kuuliza pia habari ya vitu vinavyotumika kugandisha krimu, kwa sababu vitamu vingi vya Ulaya hutiwa gelatini ya nguruwe, na katika bekari za Kichina za mtaa ule ipo mikate iliyojazwa nyama hiyo. Mwenye bekari alimjibu zamani kwamba yeye anatumia agari, inayotokana na mwani. Nikawakumbuka wanawake wa Paje na Jambiani wanaoinama majini kufunga mwani kwenye kamba. Huo ni wa aina nyingine, kilimo kilichoanza Zanzibar mwaka 1989. Unakaushwa, unapakiwa kwenye marobota na kusafirishwa, na kinachokamuliwa humo huko ughaibuni kinatiwa katika maziwa na vitamu vya dunia nzima. Wanaoulima wanalipwa kidogo mno kwa kilo, na hilo linaniuma.

Mchana mmoja nilivuka mto kwenda kaskazini, mtaa wa Sainte-Anne, ambako Wajapani wamejenga kijiji chao kidogo karibu na jumba la opera. Kule ladha za Asia hazina cha kuuliza: maandazi ya melon pan, mikate laini ya maziwa, ekleri za macha, yaani majani ya chai yaliyosagwa. Sadaharu Aoki, Mjapani aliyefungua duka lake la kwanza Paris mwaka 2001 katika mtaa wa Vaugirard, ndiye aliyewazoesha Waparisi wengi kuona ufuta mweusi na macha vikikaa ndani ya vitamu vya Kifaransa kwa heshima kamili. Lakini kilichonishika huko ni kilicho jirani. Tembea kidogo tu kutoka Sainte-Anne unafika mtaa wa Richelieu, na hapo, kwenye namba 92, mwishoni mwa miaka ya 1830, August Zang, aliyekuwa ofisa wa jeshi la Austria, alifungua bekari ya mikate ya kwao Vienna. Mmojawapo ulikuwa mkate wenye umbo la mwezi mwandamo. Waparisi wakaupenda, wakauiga, na baada ya miongo kadhaa waokaji wao wakautia ufundi wao wa tabaka za siagi. Kroasanti hii ambayo leo watu wanaitetea isiguswe na ufuta ni mwana wa kulea.

Japani nayo ina kisa chake. Mkate uliingia huko na Wareno katika karne ya 16, karne ile ile waliyojenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, lakini Wajapani hawakuufanya wao mpaka mwaka 1874, Kimura Yasubei wa Ginza alipotumia chachu ya pombe ya mchele kuumua kinyunya, akakijaza maharagwe mekundu yaliyopondwa kwa sukari. Tarehe 4 Aprili 1875 andazi hilo, anpan, lilipelekwa kwa mfalme Meiji likiwa na ua la mcheri lililotiwa chumvi juu yake. Bekari ya Kimura ipo hadi leo. Nilikula anpan Sainte-Anne nikifikiria mahamri na mbaazi za nazi. Mpwani huweka kunde pembeni ya andazi, Mjapani ameziingiza ndani, lakini asubuhi wote wawili wanashiba kitu kimoja.

Wafaransa hawaachi mkate wao uende ovyo, na wana haki. Amri ya serikali ya mwaka 1993 ilipanga kwamba mkate unaouzwa kwa jina la mkate wa jadi usigandishwe hata kidogo na usitiwe dawa za kuongezea. Sheria ya mwaka 1998 ikasema hakuna ruhusa ya kuandika boulangerie mlangoni kama mkate haukukandwa, kuumuliwa na kuokwa pale pale. Novemba 2022 UNESCO ikaitambua sanaa na utamaduni wa bageti kuwa urithi wa binadamu. Na tangu 1994 mji wa Paris unashindanisha waokaji wa bageti ya jadi. Mshindi anapata yuro 4,000 na kazi ya kupeleka mkate Ikulu kwa mwaka mzima.

Sasa tazama walioshinda. Djibril Bodian, mwenye asili ya Senegal, ameshinda mara mbili, 2010 na 2015. Mwaka 2023 alishinda Tharshan Selvarajah, mzaliwa wa Sri Lanka. Mwaka uliofuata ushindi ulikwenda kwa Xavier Netry wa bekari ya Utopie, bekari iliyokwisha kupata jina kwa vitamu vyake vya ufuta mweusi. Mama yule wa Choisy ana maelezo yake kuhusu hili, na mimi naona ni sahihi. Anasema bageti haiguswi. Bageti anaioka kama baba yake alivyooka, na ndiyo inayompa ruhusa ya kufanya mengine. Mzee wa Kifaransa anayekuja kila siku kuchukua bageti, akiona haijapungua kitu, siku moja atanyoosha kidole kwenye ekleri ya kijivu na kuuliza ni nini. Wapo waliochukua miaka kufikia kuuliza. Mmoja wao, mstaafu wa posta, siku hizi hupita kila Jumamosi kuchukua kroasanti za ufuta kwa ajili ya wajukuu, na hukasirika zikiwa zimekwisha.

Nisifiche kwamba si kila nilichoonja kilistahili sifa. Katikati ya mji nimekula vitu vya kijani vilivyotengenezwa kwa ajili ya picha za simu, macha yake kidogo kiasi kwamba ladha iliyobaki ni sukari na rangi. Macha halisi hutoka kwenye majani ya chai yaliyofunikwa kivuli kwa wiki kadhaa kabla ya kuchumwa, kisha yakasagwa kwa mawe. Ni ghali, na joto na mwanga huiharibu upesi. Aliyeioka sana hupata kahawia yenye uchungu. Mama wa Choisy huitia kwenye krimu, baada ya moto. Nimekula pia pandani ya chupa, yenye kijani cha rangi ya kuta, na baada ya kunusa jani lenyewe sikuweza kuimaliza. Kiungo cha kigeni kikitumiwa kama pambo kinadhalilika, na anayekila hajifunzi kitu kuhusu watu waliokigundua.

Nilirudi nyumbani na mawazo hayo, na kwa siku kadhaa nikawa napita kwenye bekari mpya za Shangani na za Masaki, Dar es Salaam, nikitazama vioo vyake. Kroasanti zipo, na nyingine zimeokwa vizuri sana. Vijana wetu wana mikono. Ndani yake kuna chokoleti ya kopo, jamu ya sitroberi, lozi. Iliki sikuiona. Ufuta sikuuona. Nje ya mlango wa moja ya bekari hizo alikuwa amekaa mama anauza mkate wa ufuta uliookwa kwa mkaa, umekandwa kwa tui, na wanunuzi wa ndani na wa nje hawakuwa watu wamoja.

Hapo ndipo moyo wangu ulipo katika makala haya. Mpwani hakuanza jana kula ladha za Asia. Sambusa, chapati, biriani na bajia zilikuja na majahazi, halua tumeipata kwa Waomani, na hakuna anayeviita vya kigeni tena. Vitumbua, mkate wa kumimina, visheti, vileja, mkate wa sinia: ni ghala zima la ufundi wa kuumua, kuoka na kutia harufu. Ngano ya bekari zetu sehemu kubwa inaagizwa kutoka nje. Siagi nzuri nayo mara nyingi ni ya nje. Basi kilichobaki kuwa chetu ni ladha, nayo ndiyo tuliyoiacha mlangoni.

Na ladha tunazo kwa magunia. Tanzania ni miongoni mwa wakulima wakubwa wa ufuta duniani. Lindi na Mtwara zinaupakia kwenda Uchina na Japani, na Japani karibu ufuta wake wote inaununua nje. Iliki inaota Usambara chini ya miti ya Amani. Vanila iko Kagera. Hakuna nchi inayouza nje chai nyeusi nyingi kuliko Kenya, lakini sijaona ekleri ya chai ya Kericho, na sioni sababu ya kutokuwepo kwake ikiwa Mjapani ameweza kwa majani yake. Wasweden, ambao nchini kwao haioti hata shina moja la iliki, wamejijengea jina kwa maandazi yao ya iliki.

Kwa hiyo nawaomba wenye bekari wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam: wekeni trei moja. Kroasanti ya ufuta wa Lindi, brioshi ya tui na iliki, tati ya ukwaju. Anzeni na moja, iwe nzuri kweli, na msiipunguzie kiungo ili ionekane ya kizungu. Mkaribisheni mama wa mkate wa ufuta aingie ndani, mlipeni kwa ujuzi wake, na jina lake liandikwe kwenye kioo. Na sisi wanunuzi tukiingia, baada ya salamu, tuulize: ya iliki ipo? Tukiuliza vya kutosha, itaokwa.